Ziara ya Mwisho wa Reli

Reli yetu haikufa, watu waongo tu. Ilihamia majumbani. Kiwanda cha sukari kilipofungwa na treni ndogo ya miwa ikaacha kupita, watu wa Dziweni tulingoja kwa adabu, labda mwenyewe atairudia mali yake, kisha kila mtu akachukua kipande chake. Ukipita kijijini leo utaiona reli yote, ila haijapangwa tena kwa mstari. Kengele ya shule ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo. Mabenchi ya nje ya msikiti ni mataruma, yale magogo yaliyokuwa yakilalia reli. Abdurahman, mzee wetu wa mtaa, anafuga kuku ndani ya behewa, na paa la kuku wake halivuji kama langu.

Mimi nilipata stesheni. Sikuichukua, nilikutwa ndani yake. Mume wangu Waziri alikuwa mtu wa kugeuza njia: treni ikija, anavuta mkono wa chuma, reli zinasogea, miwa inakwenda kiwandani badala ya kwenda porini. Kazi hiyo ilikuja na vyumba viwili vya mawe na baraza, nami nikaolewa humo. Kiwanda kilipofungwa, Waziri alisema anakwenda Tanga kutafuta kazi, akipata ataniita. Akapanda lori la Lunga Lunga na kofia niliyomshonea kwa mkono wangu. Sijui kazi za Tanga ni ngumu kiasi gani kupatikana, maana huu ni mwaka wa thelathini na kitu na bado anaitafuta.

Nikakaa. Nikapaka chokaa, nikaziba paa kwa mabati ya kuokota, nikauza mahamri na mbaazi barazani kila asubuhi. Hati ya nyumba sina, na huku kwetu mwenye hati ni nani? Lakini kila mtu alijua kwamba ile ni nyumba ya Bi Mbeyu, na aliyesahau nilimkumbusha kwa sauti. Sauti Mungu amenijaalia.

Siku moja Abdurahman alikuja barazani, akala mahamri mawili kwanza, kisha akasema, "Bi Mbeyu, kuna mradi."

Kwetu neno hilo likitajwa mtu hushika kuku wake. Nikamwambia aseme upesi.

"Wageni wa hoteli za Diani wamechoka na bahari. Sasa wanataka kuendesha baiskeli kufuata njia ya zamani ya treni, waone mabaki yake. Wakifika stesheni watakunywa kahawa."

"Stesheni gani?"

"Si ndiyo hii yako."

"Na mimi je?"

"Wao wanasema watairudisha kama ilivyokuwa zamani."

"Zamani nilikuwamo, Abdurahman."

"Zamani zaidi," akasema, akafuta mafuta vidoleni kwa leso yangu.

Wakaguzi walikuwa waje siku ya pili yake. Jioni ile kijiji kizima kiliingia kazini, maana kila mtu aliogopa kuulizwa reli zimekwenda wapi. Mwalimu mkuu aliishusha kengele akaifunika magunia, na watoto wakatoka darasani walipochoka wenyewe. Abdurahman alilifunika behewa lake kwa makuti mpaka likawa kibanda. Mimi stesheni ningeificha wapi? Nyumba imesimama. Lakini mbele ya baraza yangu ndipo reli ilipokuwa ikiishia, na hapo palibaki vipande viwili vya reli vilivyokazwa kwa saruji, na kichwani pake chuma kimesimama wima cha kuzuia mabehewa yasiparamie nyumba. Nikasema angalau hicho kisionekane. Bila hicho, hii ni nyumba tu ya mawe, kama ya mtu yeyote.

Jirani yangu Twaiba alikuja na jembe. "Shoga, tufukie," akasema. Tukazoa kokoto za tutani, pale treni ilipokuwa ikipita, tukazimwaga juu ya reli. Reli ni ndefu, kwa hivyo lundo likawa refu. Kokoto zilikuwa nyeusi kwa mafuta ya zamani, zinajionyesha wazi kuwa ni za treni, basi nikatandika shuka langu jeupe juu yake na kulibana kwa mawe pembeni. Chuma cha kichwani kikakataa kufukika, Twaiba akakivika leso yake nyekundu. Halafu chini ya taruma moja tulilolihamisha palikuwa na panya aliyeoza, harufu ikatutoa machozi, ndipo Twaiba akaleta chetezo na kufukiza ubani. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyekusudia kitu chochote kingine, na Mungu ni shahidi.

Asubuhi gari likaja. Alishuka Harrison, kijana wa bara, ndiye mkubwa wa mradi, mpole, viatu vyeupe. Nyuma yake Mercy, binti wa kupiga picha. Dereva wao alikuwa Tembo, mtu wa Kinango. Harrison aliitazama nyumba yangu kwa macho ya mtu anayechagua mbuzi.

"Mathe, hii ndiyo stesheni yenyewe? Iko poa sana," akasema, akainua mguu ili apande juu ya lundo apate kuiona vizuri.

Tembo alimdaka mkono. Yeye alikuwa ameshavua kofia, na viatu vyake viko kando ya gari. "Bosi, usikanyage. Hapo amelala mtu. Tena si mtu hivi hivi." Akanusa ubani, akaitazama leso nyekundu na shuka jeupe, akaninong'oneza, "Shikamoo mama. Tusamehe, hatukujua kama hapa pana ziara, kaburi la walii."

Mercy akateremsha kamera. Harrison akarudi nyuma hatua kadhaa, uso umembadilika. "Pole sana, mathe. Ni nani huyu?"

Ningeweza kusema ni kokoto. Kinywa changu kilikuwa kimekwisha kufunguka. Lakini mkononi alishika karatasi iliyochorwa nyumba yangu, na humo barazani kwangu mmewekwa meza ndogo ndogo na wazungu wanakunywa kahawa, mimi simo.

"Ni Waziri," nikasema. "Mume wangu."

"Alikuwa mtu wa dini?" Tembo akauliza kwa heshima.

"Alikuwa haonekani sana na watu," nikamjibu, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Wakaondoka wakitembea kwa ncha za vidole. Baada ya wiki tukasikia kwamba njia ya baiskeli imehamishiwa kijiji kingine, ambako hapajawahi kupita treni, ila wana choo kizuri. Nilipika wali wa nazi siku ile nikamwita Twaiba, tukala mpaka tukashindwa kuinuka.

Nilitaka kulivunja lile lundo kesho yake. Shuka lenyewe nilikuwa nalihitaji. Twaiba akasema tungoje kidogo, wasije wakarudi ghafla. Aliyerudi alikuwa Tembo, Alhamisi, na chupa ya marashi na mama yake mzazi anayeumwa magoti. Yule mama aliketi ubavuni mwa kokoto zangu, akanyunyiza marashi, akalia, akaletewa chai, akapunga upepo mpaka alasiri. Alipoinuka akasema goti limepoa. Mimi naona ni kwa sababu ilikuwa siku ya kwanza maishani mwake kukaa kitako bila ya kutumwa maji. Lakini nani angenisikiliza?

Wakaja wa Kinango kuomba mvua. Walikuja mwishoni mwa Machi, na Aprili mvua ikanyesha, kama inavyonyesha Aprili ikipenda. Wakaja wachuuzi wa Kona ya Musa kuomba biashara, wakaja wasichana wa kuomba waume, wengine ni Wakristo kabisa, na misalaba yao shingoni, wanasema barua hata zikipita posta tofauti zinafika kwa Mungu mmoja. Shuka langu likafunikwa kwa mashuka mengine mazuri zaidi. Na watu wa Dziweni, walioliona lori la Lunga Lunga likimchukua Waziri kwa macho yao, wakaanza kusema labda alirudi kwa siri akafia hapa. Hata Twaiba nilimkuta siku moja anaomba dua hapo. Nikamuuliza, "Wewe si ndiye uliyeleta jembe?" Akasema, "Najua, shoga, lakini mbona meno yameacha kuniuma?"

Mtu mmoja tu alipinga waziwazi, naye ni Ustadh Alamin wa msikitini kwetu. Alikuja akalizunguka lundo mara moja. "Maiti ya Kiislamu huelekezwa kibla," akasema. "Huyu ameelekezwa kiwandani." Nikafurahi, nikajua mambo yamekwisha. Wapi. Jioni ile ile watu walikuwa wanaeleza kwamba Sharifu Waziri alikuwa mwepesi mno wa karama hata kaburini amejigeuza mwenyewe. Ustadh akatikisa kichwa akaenda zake.

Alikwisha kuwa sharifu, ndiyo. Na mimi nikawa mjane wa sharifu, kazi ambayo sikuiomba na haina likizo. Iliundwa kamati, Abdurahman mwenyekiti. Kamati ikaona si vizuri mjane wa mtu kama yule kuuza mahamri hadharani. Ikaona si vizuri kupaza sauti. Mimi, nisipaze sauti. Nilipokuwa nimeachwa na mume aliye hai, hakuna aliyeniletea hata kibaba cha unga. Sasa watu walinibusu mkono, na nilikatazwa kucheka.

Halafu mahujaji wakaanza kutoka mbali, hawana pa kulala. Kamati ikaja barazani, Abdurahman akakohoa kwanza. Nikajua.

"Bi Mbeyu, wageni wa marehemu ni wageni wako."

"Wageni wangu hulala kwao."

"Chumba kimoja tu."

Nikawapa kimoja. Baada ya mfungo wakaomba cha pili, kwa muda. Kitanda changu, chandarua changu, ndoo yangu, vyote vikawa vya ziara. Mimi nikahamia jikoni kwa Twaiba, nalala kando ya mafiga, na kila asubuhi naitazama nyumba yangu kupitia uwazi wa makuti. Niliikinga isichukuliwe na reli, ikachukuliwa na kokoto za reli. Nilikuwa nalia kwa hasira, nikiona mtu anakuja najifanya nasoma uradi.

Jumamosi moja, jua limepanda, nilikuwa nakaanga mahamri kwa kificho nikaona bodaboda inasimama upande wa pili wa tuta. Alishuka mzee mmoja, kanzu imekuwa manjano, mguu mmoja anauburura, mkononi bakora. Akafika tutani. Kabla ya kuvuka akasimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, ndipo akavuka.

Pale tutani huwa wanavuka mbuzi, watoto, mahujaji, mwenye baiskeli na asiye nayo. Hakuna hata mmoja anayetazama kulia na kushoto, maana treni ya mwisho ilipita wengi wao hawajazaliwa. Nikakiacha kijiko ndani ya mafuta. Sijui hata sasa ilikuwa furaha au nilitaka kumpiga kwa kitu.

Nikatoka na unga mikononi. Yeye alikuwa ameshaingia kwenye foleni, ameshika chupa ndogo ya marashi, anangoja zamu yake ya kuliombea goti lake kwenye kaburi lake mwenyewe.

"Waziri," nikaita.

Foleni nzima ikasema amina. Walidhani namwita wa chini. Yeye peke yake aligeuka, na nilimwona alivyonijua.

"Jamani," nikasema, na sauti yangu ikarudi yote, "Waziri huyu hapa. Mzima. Humo hamna mtu, mna kokoto na chuma cha reli, nilifukia mimi na Twaiba. Huyu ndiye mume wangu, alikwenda Tanga kutafuta kazi."

Twaiba akaangalia miguu yake. Abdurahman akaja, akamtazama yule mzee usoni. Abdurahman alikuwa mpakiaji wa miwa, alikula sahani moja na Waziri miaka. Akamtazama, akalitazama lundo na vitambaa vyake, akazitazama sufuria za pilau ya sadaka zinazotokota chini ya turubai.

"Mzee wangu," akasema polepole, "wewe ni nani?"

Kulikuwa na binti anampa Waziri kikombe cha chai kwa mikono miwili. Waziri akakipokea. Akanitazama mimi, mikono kiunoni, unga mpaka kwenye nyusi, na nadhani aliiona ile miaka yote imesimama mbele yake inataka kujibiwa. Akaangalia chini ndani ya kikombe.

"Mimi ni mgeni tu, natoka Tanga," akasema. "Mama huyu simjui. Mungu ampe subira."

Wanawake wakanizunguka wakanifunika leso. "Majonzi yamempanda kichwani," wakasema. "Masikini, alimpenda mno." Nikachukuliwa jikoni nikapewa maji ya zafarani. Na kwa kuwa yule mgeni ametoka mbali, tena ametukanwa mbele ya watu, kamati ikampa chumba kizuri. Alilala kitandani kwangu, ndani ya chandarua changu, pilau amekula, na mimi nikalala kando ya mafiga.

Alfajiri nilitoka kuteka maji nikamkuta anatawadha kisimani nyuma ya nyumba. Alisimama wima kuliko jana. Ule mguu ulikuwa unatua.

"Mbeyu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nilikufaje?"

"Vizuri," nikamwambia. "Unaliliwa kuliko ulipokuwa hai."

"Nilitaka kurudi."

"Lini?"

Akafuta maji usoni. Ndoo ilikuwa imejaa, imenielemea mkono, nami sikuitua. Nilikuwa nangoja neno moja tu. Hata la uongo ningelichukua.

"Hapa watu wananisema vizuri," akasema mwisho. "Basi niache hivyo hivyo."

Akaenda mbele ya nyumba, akaitundika bakora yake kwenye kile chuma chenye leso nyekundu, kama wanavyofanya waliopona, akashika njia ya Lunga Lunga kwa miguu yake miwili. Alipofika tutani hakutazama kulia wala kushoto.

Nilikaa pale kisimani mpaka jua likatoka. Nililia kidogo, kisha nikaosha uso, nikavaa buibui, nikaenda moja kwa moja barazani kwangu. Kamati ilikuwa imekwisha kukusanyika kwa ajili ya bakora. Walimwita Ustadh Alamin aishuhudie, naye alikuja, amekaa pembeni amenuna.

"Ustadh, shikamoo," nikasema. "Nina swali la dini."

"Marahaba. Uliza, mama."

"Mwanamke akifiwa na mume anakaa eda wapi?"

"Nyumbani kwa mumewe. Miezi minne na siku kumi."

"Na wakija watu kumtoa?"

"Hatolewi. Hakuna mwenye haki ya kumtoa."

"Kamati," nikawageukia, "mmewahi kuniona nimekaa eda ya Waziri?"

Abdurahman akavua kofia akaivaa tena. "Lakini eda huhesabiwa tangu siku ya kufa mtu," akasema. "Au siyo, Ustadh? Yake si ilikwisha zamani."

"Ndiyo, huhesabiwa tangu siku ya kufa," Ustadh akasema. "Sharifu wenu alikufa lini, Abdurahman?"

Nilimwona Abdurahman akifungua mdomo. Mahujaji walikuwa wametegea masikio, na Tembo wa Kinango yuko mbele kabisa, na mama yake. Siku ya kufa sharifu, kila mwenye ziara anaijua, na ziara yetu haikuwa nayo. Abdurahman akaufunga mdomo.

"Kwangu mimi," nikasema, "amekufa leo asubuhi."

Ustadh Alamin alinitazama. Kisha akaitazama ile bakora. Yeye si mjinga, na jana alikuwa msikitini, hatua chache, na sauti yangu aliisikia.

"Basi inaanza leo," akasema. "Mtoeni mgeni yeyote aliyemo."

Hawakuwa na la kufanya. Mjane wa sharifu wamemtengeneza wenyewe kwa mikono yao, sasa wamvunje vipi? Wakabeba magodoro yao. Mama yake Tembo ndiye aliyenishika mkono mpaka ndani, akanitandikia kitanda, akafunga dirisha la mbele. Tangu saa hiyo nyumba ni yangu, na ruhusa ya kutoka mlangoni sina. Miezi minne na siku kumi ikiisha, tutaonana na kamati. Nimekwisha kuwaambia kwamba nguvu za kukaa humu zimenirudia zote.

Nje nilimsikia Abdurahman akianza kuwasimulia waliofika, ameshapata mkao: mzee wa Tanga alikuja anaburura mguu, akalala usiku mmoja, akaacha bakora, akaenda kwao kwa miguu. Kila neno lilikuwa kweli. Nikageukia ukutani nikalia, na safari hii sikujifanya nasoma kitu.

Twaiba akaingia na chai, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Shoga, unalia nini tena? Nyumba si umeipata?"

"Nimefiwa, Twaiba," nikamwambia. "Niache nilie."